Faili Arobaini na Tatu

Jumatatu ile asubuhi kompyuta ya mdarizi ilizimika yenyewe kwa mara ya tatu, na safari hii haikumpa hata nafasi ya kusonya. Alikuwa anarekebisha kidole gumba cha nembo. Kioo kikawa cheusi, feni ikaguna, kisha kimya. Mwanamke akabaki ameshika kipanya kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya ugomvi.

"Imekufa tena?" mama mkwe wake aliuliza kutoka jikoni.

"Imezimia, mama. Kufa bado."

Nembo ilikuwa ya chuo cha uuguzi: mikono miwili imembeba mtoto mchanga, na maneno yameizunguka. Wiki tatu alikuwa akiichora, mshono mmoja mmoja, maana mashine ya kudarizi haina akili yake. Hushona kile tu inachoambiwa na faili. Kidole kikikosewa kwenye faili, kitakosewa kwenye vifua vya wahitimu wote mia na themanini. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Mkuu wa chuo alizitaka nembo Ijumaa, na mashine ilihitaji siku mbili kamili kuzishona. Muda ulikuwa unabana, lakini ulikuwa unatosha.

Mumewe aliingia akiwa bado anajifuta uso kwa taulo. Alikuwa mtunza ghala hadi kiwanda kilipofungwa mwaka uliopita, na tangu hapo hakuna kitasa, pasi wala bomba la nyumba ile lililopona mikono yake. Majirani walimwita Injinia. Walikuwa wanamtania; yeye alikuwa anaitika.

"Hii inataka kupigwa window," alisema, akiigusa kompyuta kichwani kama mgonjwa. "Mfumo umeoza. Unafuta kila kitu, unaweka mpya, inarudi kama ilivyotoka dukani."

"Nimpelekee Daktari, basi." Daktari alikuwa mwanamke mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko.

"Daktari wa nini? Mtu atulipishe kwa kazi ya kubonyeza 'ndiyo, ndiyo, endelea'? Nimeazima flashi yenye mfumo kwa rafiki yangu. Wewe nenda chuoni na sampuli yako uliyoshona jana. Ukirudi utakuta mambo safi."

Mdarizi alimtazama. Alijua mume wake anachotaka, na hakikuwa kuokoa pesa. Kwa miezi kumi na moja alikuwa amekaa nyumbani akiangalia mkewe akifanya kazi, na mwanamume anayeangalia sana mwisho hutafuta msumari wa kugongelea.

"Na kazi zangu?"

"Ndiyo kitu cha kwanza. Kabla ya kufuta, tunahifadhi. Mimi si mtoto."

Kompyuta ilipowaka, baada ya mama mkwe kumaliza vyombo vyote vya asubuhi, walikaa bega kwa bega. Vipicha vya kazi zake vilijipanga kwenye uso wa kioo, arobaini na tatu kwa hesabu: nembo za shule, za kwaya, za timu, na hii ya chuo mwishoni. Kila alipomaliza mchoro programu ilimuuliza kama anataka kipicha chake kikae mbele, naye akajibu ndiyo kwa miaka sita. Kila kipicha kilikuwa na mshale mdogo kwenye kona ya chini. Yeye alidhani ni pambo. Mumewe hakuwahi kuuona.

Injinia akachomeka flashi mpya, akavichagua vyote arobaini na tatu, akavinakili. Vilikwisha kabla hajameza mate.

"Mara hii?" mkewe akauliza.

"Flashi za siku hizi ni moto."

"Hebu fungua nione."

Hapo ndipo alipoonesha kwamba si mtu wa kubahatisha. Hakufungua kile cha kwenye kompyuta. Aliingia ndani ya flashi yenyewe, mkewe akiona, akabofya kipicha cha chuo. Programu ikafunguka. Mikono miwili ikajitokeza na mtoto ndani yake, rangi zote, mishono yote. Akafungua cha kwaya. Kikaja. Akafungua cha timu. Kikaja.

"Unaona?" alisema. "Unaona mwenyewe?"

"Naona," mdarizi alisema, na moyo wake ukatulia kwelikweli. Akaifunga sampuli ya nembo kwenye karatasi laini, akaenda kupanda basi.

* * *

Kuna furaha ya mtu ambaye kwa muda mrefu hakuna kitu kilichomtii, halafu kitu kikamtii. Injinia aliijua siku ile. Alibonyeza ndiyo, akabonyeza endelea. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta vyote vilivyomo. Ikamwambia havitarudi. Akaisoma ile tahadhari kwa sauti, kwa mbwembwe, mama yake asikie, kisha akabonyeza.

Saa sita mchana mashine ilikuwa inawaka haraka kuliko taa. Mama yake alikuja kuangalia akiwa na mwiko mkononi.

"Hii ndiyo ile ile?"

"Ile ile, mama. Ngoja nikuoneshe kasi yake."

Rafiki aliyemwazima flashi alikuwa amehifadhi humo tamthilia, vipindi themanini, za watu wanaopendana na kusalitiana bila kupumzika. Injinia alivimimina vyote kwenye kompyuta. Akamwekea mama yake kiti, akamwekea kipindi cha kwanza. Mama akasahau mwiko.

Baada ya hapo ndipo alipochomeka flashi ya kazi za mkewe ili azirudishe. Vipicha vilikuwepo vyote. Akabofya cha chuo. Kompyuta ikamwambia kwamba faili hilo halionekani mahali lilipokuwa. Akabofya cha kwaya. Ikamwambia vilevile. Akabofya vyote arobaini na tatu, kimoja baada ya kingine, na kila mara ikamjibu kwa upole ule ule unaoudhi. Akatazama uzito wa vipicha vyote kwenye flashi. Kazi ya miaka sita yote ilikuwa nyepesi kuliko picha moja ya simu.

Mama yake alikuwa anacheka kwa sababu mume wa kwenye tamthilia amejificha kabatini.

"Mama, zima kidogo."

"Mwanangu, acha tuone kama mkewe atalifungua."

Mdarizi alirudi alasiri akiwa anang'aa. Mkuu wa chuo alikuwa ameipenda nembo, akaisifu, akaifungia sampuli kwenye droo ya meza yake kwa ufunguo. "Amesema tuendelee," alisema huku akivua viatu. "Niwashe mashine kesho kutwa asubuhi. Kompyuta imepona?"

"Imepona. Imebaki ile programu yako ya kudarizi, kuna kitu kidogo kinagoma. Kesho nitampitishia Daktari akiangalie."

"Si ulisema Daktari wa nini?"

"Kuangalia tu."

"Na hii tamthilia?"

"Napima sauti," Injinia alisema.

* * *

Daktari alivaa miwani iliyofungwa kamba shingoni na hakuwa na muda wa salamu ndefu. Wateja wanne walikuwa kwenye benchi, kila mmoja amepakata mashine yake kama mtoto mwenye homa. Alimwonesha Injinia pa kuweka kompyuta, akaichukua flashi, akaichomeka, akatazama mara moja tu.

"Hizi ni njia za mkato, kaka. Huu mshale unauona? Maana yake: mwenyewe yuko kule, mfuate. Faili zilikuwa ndani ya kompyuta. Ulichobeba hapa ni kibao cha duka. Duka lenyewe mmeliacha ndani, mkalichoma moto."

"Lakini zilifunguka! Tulizifungua kutoka kwenye flashi, nyumbani, kabla ya kufuta."

"Kwenye kompyuta gani?"

Injinia akaitazama flashi.

"Kwenye ile ile," Daktari alimjibia. "Kibao kikakuonesha duka, kwa sababu duka lilikuwa bado limesimama. Ungeipeleka flashi kwa jirani ungejua palepale. Nani kapiga window hapa?"

Benchi zima lilikuwa linasikiliza.

"Fundi mmoja," Injinia alisema. "Wa kule kwetu."

"Mkamate akurudishie pesa yako. Watu kama hao ndio wanatuharibia jina. Mtu hajui hata mshale!" Mteja mmoja kwenye benchi akacheka kwa pua. Injinia naye akacheka kidogo, kumcheka fundi wa kule kwao, na kicheko kikamkwama.

Daktari alishusha sauti kidogo. "Usikate tamaa. Kufuta siyo kuua. Kompyuta inang'oa tu majina mlangoni, wenyewe bado wamo vyumbani. Wanakufa pale unapoingiza wapangaji wapya juu yao. Kwa hiyo nakuuliza, na nijibu vizuri: baada ya kupiga window, kuna kitu kikubwa kimeingizwa humu?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kwa anayeianza huwa inaonekana ndefu na ina kivuli. Injinia aliona benchi, aliona watu wanne na masikio manane, akaona aibu ya kusema kwamba fundi huyo baada ya kuchoma duka alijaza humo wapenzi wa vipindi themanini.

"Hapana," alisema.

"Basi zote zipo. Mpigie mwenye kazi umwambie alale salama. Jioni mje mzichukue."

Alimpigia mkewe akiwa nje ya kibanda. Ikabidi amweleze kwamba faili "zilijificha" wakati wa kuweka mfumo, akayarudia maneno ya Daktari kwa haraka: zote zipo, jioni, usijali.

"Una hakika?" mkewe aliuliza. "Kama hazipo niambie sasa, nianze kuichora upya leo leo. Kila saa nayo ni saa."

Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake, na alijua.

"Daktari mwenyewe kasema," alijibu.

Basi mdarizi akaitumia Jumanne yote kukata vitambaa, vipande mia na themanini vya mraba, akiimba kidogo chinichini.

* * *

Jioni walikwenda wote wawili. Benchi lilikuwa tupu na Daktari alikuwa amevua miwani, jambo ambalo halikuwa zuri.

"Shikamoo, Daktari," mdarizi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Keti." Hakumtazama yeye; alimtazama mumewe. "Kaka, nimetafuta nembo mchana kutwa, kila ninapochimba nakutana na watu wanalia mapenzi. Mmoja yuko kabatini. Nimempata mara nne. Uliniambia hakuna kilichoingia."

Injinia akakaa kwenye benchi tupu.

"Ungeniambia, nisingekupa matumaini ya bure. Ningesema tangu asubuhi, jaribu lakini mwenye kazi aanze upya. Nimepata ishirini na sita. Majina yamepotea, yamekuja na namba tu, itabidi mfungue moja moja mjue ni ipi. Ya chuo haimo. Imekanyagwa."

"Imekanyagwa na nini?" mdarizi aliuliza.

"Na tamthilia."

"Ya mama," Injinia alisema kwa sauti ndogo. "Fundi ni mimi, Daktari. Hakuna fundi wa kule kwetu."

"Hilo nilishalijua saa tano," Daktari alisema. Kwa kazi ya mchana kutwa alitoza nusu tu ya bei yake, na punguzo hilo lilimuuma Injinia kuliko ambavyo bei kamili ingemuuma.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshasikia kila kitu kabla hawajakaa, maana alisimama mlangoni kuwasubiri. "Mwanangu alikuwa anasaidia," alisema. "Anayesaidia naye hukosea. Mimi ndiye niliyefurahia tamthilia, basi nilaumuni mimi."

"Hakuna aliyekulaumu, mama."

"Na pia," Injinia akasema, na laiti angekomea kwenye 'na pia', "na wewe uliona. Nilikufungulia moja baada ya nyingine. Ukasema unaona."

Mdarizi aliweka chini mfuko wake. Hakupandisha sauti. Ilikuwa afadhali angepandisha.

"Niliona. Jumatatu tulikosea wote wawili, hilo ninalibeba. Lakini leo asubuhi nilikuuliza kwenye simu. Nilikuuliza hivi hivi, kwa Kiswahili. Leo yote nimekata vitambaa kama mjinga. Hiyo Jumanne ni ya nani?"

Mama mkwe alitazama sakafu. Injinia alitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe hakuona chochote cha kutengeneza.

"Siwezi kuichora kwa kukumbuka," mdarizi aliendelea, sasa akiongea kama mtu wa kazi. "Picha ninayo kwenye simu, lakini picha haioneshi mshono umelala upande gani. Nataka ile sampuli. Iko kwenye droo ya Mkuu. Nikiwa nayo mbele yangu sibuni tena, nafuata mshono tu, naweza kumaliza mchoro Alhamisi usiku."

"Mashine inataka siku mbili."

"Najua mashine inataka nini. Mimi kesho sitoki kwenye kiti. Utakwenda wewe. Sema utakavyosema, lakini urudi nayo."

* * *

Uongo aliuandaa ndani ya basi, na ulikuwa mzuri: mkewe anataka kulinganisha rangi ya uzi, wazo tu la kikazi, atairudisha sampuli Ijumaa pamoja na mzigo. Hakuna mtu angeuliza swali la pili. Aliurudia mara kadhaa kwenye kiti cha kusubiri nje ya ofisi ya Mkuu, ambako katibu muhtasi alimwacha akae dakika hamsini huku akiwapitisha watu waliokuja baada yake. "Wewe si wa miadi," alimwambia kila alipoinua kichwa.

Kwenye korido wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanajaribu kofia zao. Mmoja alimuuliza mwenzake, "Nembo zimeshakuja?" Mwenzake akasema, "Ijumaa." Wakaruka ruka kama watoto. Injinia akageuza uso ukutani, akasoma tangazo la kunawa mikono mpaka mwisho.

Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea wodi kubwa. Alimsikiliza akiomba sampuli, akatoa ufunguo, akafungua droo. Nembo ikawekwa mezani, mikono miwili na mtoto. Kisha akaifunika kwa kiganja.

"Kazi nzuri hii. Kuna wenzenu wawili waliitaka, wakakosa. Ijumaa iko palepale?"

Lilikuwa swali dogo la kupitisha tu. Injinia alikuwa na jibu lake, neno moja. Akaona Ijumaa nzima ikimpotelea mkewe kama Jumanne ilivyompotelea.

"Hapana, Mkuu," alisema. "Haipo."

Akamweleza. Hakueleza vizuri, alianza na mfumo kuoza, akaingia kwenye mishale, akaishia kwenye tamthilia. Alisema ni yeye aliyefuta. Alisema mkewe hana kosa. Alisema alimdanganya fundi wa kompyuta, akamdanganya mkewe, na asubuhi hii alikuwa amekuja kumdanganya na yeye, maneno alikuwa ameshayapanga. Katibu muhtasi alikuwa amesimama mlangoni na karatasi, hakutoka.

Mkuu aliacha kiganja palepale juu ya nembo. Alichukua simu, akapiga, akaiweka mezani ikiwa kwenye sauti ya nje.

"Mama mdarizi? Nina mwanamume hapa. Anasema amefuta nembo yangu na anataka nimpe sampuli. Mimi simjui. Anaweza kuwa ametumwa na wale wawili. Wewe unamjua?"

Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa.

"Namjua. Ni mume wangu."

"Anasema Ijumaa hamuwezi."

"Amesema mwenyewe? Bila kuulizwa sana?"

"Kwa swali moja tu."

Injinia aliangalia kiganja cha Mkuu juu ya nembo.

"Basi ni kweli, Mkuu," sauti ilisema. "Nilikuwa bado sijapata ujasiri wa kukwambia. Jumamosi asubuhi naweza kukupa tisini. Zilizobaki Jumatatu. Ukitaka kuwapa wale wengine kazi, sampuli ni yako, nitaelewa."

"Wale wengine wataanza lini, nao? Leo ni Jumatano." Mkuu alivuta pumzi. "Tisini, Jumamosi saa moja kamili. Lakini nina wahitimu mia na themanini. Tisini watapanda jukwaani vifua vitupu, mbele ya wazazi wao. Mimi siwaambii. Atawaambia huyu, kwa mdomo wake, kabla sherehe haijaanza, na ataeleza kwa nini." Akamgeukia Injinia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utakuja?"

Injinia alifungua mdomo, lakini simu iliwahi.

"Atakuja," mkewe alisema. "Na mimi nitasimama pembeni yake. Sasa naomba mwachie hiyo nembo, Mkuu, na yeye akimbie. Naihitaji."